Nyumba ndogo ya likizo ng'ambo: penye watu au penye bei ya kutupa?

Mwaka 2019 mji mdogo wa Sambuca di Sicilia, nchini Italia, ulitangaza kuuza nyumba zake chakavu kwa bei ya kuanzia euro 1. Habari ikazagaa dunia nzima na maombi yakamiminika. Wazo lenyewe halikuwa geni: mji mwingine wa kisiwa hichohicho, Salemi, ulishalitangaza mwaka 2008. Kilichosomwa na wachache ni masharti. Katika mipango ya aina hii mnunuzi huweka dhamana, mara nyingi euro 5,000, na hujifunga kuikarabati nyumba ndani ya miaka mitatu hivi. Akishindwa, dhamana inakwenda na maji.

Naanza na nyumba za euro moja kwa sababu ndizo zinazoligawa kundi la watu wenye ndoto hii. Kila anayetaka kijumba cha likizo nje ya nchi, mwenye fedha za kiasi tu, huishia njia panda ileile. Upande mmoja kuna pwani zilizozoeleka, kama Costa del Sol ya Hispania au Algarve ya Ureno, ambako kila kitu kipo na kila kitu kina bei. Upande wa pili kuna vijiji vinavyohamwa, ambako kwa fedha za gari lililotumika unapata nyumba ya mawe yenye mzeituni uani.

Wanaotetea kijiji wana hoja, na si ya ubahili tu. Anayenunua kwa fedha taslimu hana deni la benki linalomkosesha usingizi. Anapata utulivu ambao pwani haiuzi tena kwa bei yoyote. Na hakuna anayemwona mvamizi. Meya mwenyewe anamwomba aje. Japani ni mfano mzuri zaidi kuliko Italia. Hesabu ya makazi ya 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9, karibu asilimia 14 ya nyumba zote nchini, na sheria inamruhusu mgeni kumiliki nyumba pamoja na ardhi yake. Ila kumiliki hakukupi hata siku moja ya ukaazi. Unaingia kwa viza ileile ya mtalii asiye na kitu. Halafu uangalie mwaka nyumba ilipojengwa, kwani kanuni za kuhimili matetemeko zilikazwa Juni 1981, na nyingi za bei ya chini ni za kabla ya hapo.

Shida ya kijiji ni kwamba paa halijui ulilipia nyumba shilingi ngapi. Vigae, wakili, mkalimani, mtu wa kuiangalia nyumba, nauli yako na ya familia: gharama hizi hazipungui kwa kuwa bei ilikuwa ndogo. Kwa nyumba ya euro 300,000 ni mkwaruzo, kwa nyumba ya euro 15,000 zinaweza kuipita nyumba yenyewe ndani ya miaka michache. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Fikiria umefika saa mbili usiku, baada ya ndege mbili na basi la saa tatu. Ufunguo unagoma. Mlango ukifunguka, harufu ya ukungu inakupokea kabla hujaipapasa swichi, na swichi haiwashi kitu kwa sababu bili moja ilikwama na umeme ukakatwa. Chini ya mlango kuna bahasha sita za manispaa kwa lugha usiyoisoma. Asubuhi unagundua bomba la jikoni lilipasuka kwa baridi ya Januari, maji yakafika hadi ukutani. Fundi bomba wa kijiji amestaafu, wa mji wa pili anakuja Alhamisi. Leo ni Jumamosi, na likizo yako ni ya siku kumi.

Pwani iliyozoeleka haina kadhia hiyo. Kuna kampuni za kutunza funguo na mawakili wanaozungumza lugha nne. Kuna mafundi wanaojua kwamba mwenye nyumba yuko mbali (wengine wanalijua hilo kupita kiasi). Siku ukichoka kuna mnunuzi, na watu huisahau hoja hii kwa sababu hakuna anayenunua huku akiwaza kuuza. Kijiji kinachohamwa kinahamwa na wanunuzi pia.

Ila pwani nayo ina ugonjwa wake, na siku hizi ni wa kisiasa. Wengi hununua huku wakijipa moyo kwamba nyumba itajilipia yenyewe: tutaipangisha kwa watalii miezi ambayo hatupo. Hesabu hiyo iliwahi kukubali. Sasa inategemea kibali ambacho halmashauri inaweza kukifuta. Juni 2024 meya wa Barcelona alitangaza kwamba leseni zote za fleti za watalii jijini humo, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa, na ifikapo Novemba 2028 ziwe zimekwisha. Wenyeji walikuwa wameandamana kudai nyumba za kuishi, na aliyenunua akitegemea wapangaji wa wiki mojamoja ndiye anayebanwa. Ushauri wangu hapa ni mkali: kama huwezi kuibeba nyumba bila mpangaji hata mmoja, huna uwezo wa kuinunua.

Chambo kingine kilichoota kutu ni viza ya mwekezaji, yaani ukaazi anaopewa mgeni kwa kuwekeza fedha zake nchini. Ureno iliacha kuitoa kwa kununua nyumba Oktoba 2023. Hispania, iliyokuwa ikitoa ukaazi kwa anayenunua kwa euro 500,000, ilifunga mlango tarehe 3 Aprili 2025. Ugiriki bado inayo, ila mwaka 2024 ilipandisha kiwango hadi euro 800,000 kwa Athens, Thessaloniki, Mykonos na Santorini. Viwango hivi havikumhusu mnunuzi wa kijumba tangu mwanzo. Ninavitaja kwa sababu dalali bado anaweza kuvitumia kama sukari ya kumezea dawa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kijiji na pwani ndiyo hoja yote. Mimi naona kuna swali linalotangulia, nalo halina mandhari wala picha ya kupendeza: ukishalipa, unamiliki nini hasa?

Mexico, kwa ibara ya 27 ya Katiba yake ya 1917, haimruhusu mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani. Unanunua kupitia amana ya benki: benki inashika hati, wewe unashika haki ya kutumia, kuuza na kurithisha, kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa. Utaratibu huu umezoeleka na unafanya kazi. Ada ya benki ya kila mwaka ndiyo usumbufu wake. Thailand inakupa fleti kwa jina lako mradi wageni wasipite asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo, lakini ardhi hupati. Nyumba yenye bustani utapangishiwa ardhi yake kwa miaka 30. Muuzaji atakuambia miaka 30 itaongezwa mara mbili. Hiyo ni ahadi yake tu, sheria haikudhaminii. Kenya, tangu Katiba ya 2010, inampa asiye raia upangaji usiozidi miaka 99, jambo ambalo kwa nyumba ya likizo halipunguzi kitu.

Wapo wanaozunguka vizuizi hivi kwa kuandikisha ardhi kwa jina la mwenyeji, rafiki au mfanyakazi, huku wakishika karatasi ya makubaliano ya pembeni. Indonesia, ambako umiliki kamili wa ardhi ni wa raia peke yake, mtindo huu umeenea Bali, na sheria inaubatilisha. Siku mnapogombana, karatasi yako haina mahakama ya kuisikiliza. Hapa sioni pande mbili za kupima.

Kuna nchi ambazo zimefunga mlango kabisa au zimeuacha wazi kidogo. Denmark humtaka asiye mkaazi aombe kibali, na kwa nyumba za majira ya kiangazi hata raia wa Umoja wa Ulaya hasamehewi. New Zealand ilifunga mwaka 2018, ikawabakizia nafasi Waaustralia na Wasingapore. Uswisi ilipiga kura Machi 2012 kwamba nyumba zisizo za makazi ya kudumu zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa. Canada iliwakataza wageni wasio wakaazi kuanzia 1 Januari 2023, lakini katazo linahusu miji na vitongoji vyake, kwa hiyo kibanda cha ziwani mbali na mji kinaweza kupita. Kabla ya kuliangalia ziwa, soma ramani ya katazo.

Hata hati yenye muhuri si mwisho wa maneno. Januari 2008, Vera, kusini mwa Hispania, nyumba ya wastaafu wawili wa Uingereza ilibomolewa ingawa walijenga kwa kibali cha manispaa. Serikali ya jimbo ilikuwa imekipinga kibali hicho na kushinda. Walichokosea ni kuamini kwamba serikali ni moja. Kaskazini mwa Cyprus, sehemu isiyo chini ya mamlaka ya Jamhuri ya Cyprus tangu vita vya 1974, ni kubaya zaidi. Wanandoa wengine Waingereza walijenga huko juu ya ardhi ya familia iliyokimbia vita hivyo. Mwenye ardhi akashtaki katika Jamhuri ya Cyprus akashinda, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hukumu ile lazima itambuliwe Uingereza. Kiwanja cha bei ya chini kikaiweka hatarini hadi nyumba yao ya kwao. Bei ya chini kuliko jirani zake, pwani ileile, jua lilelile, ina sababu. Usipoijua sababu hiyo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kodi nitaipitia haraka, ila hii moja inachekesha kidogo. Hispania humtoza asiye mkaazi kodi ya kipato kwa nyumba ambayo haiingizi kipato. Wanachukua thamani iliyoandikwa katika daftari la serikali, wanakisia asilimia 1.1 au 2 yake kuwa ndiyo faida yako ya kuwa nayo, kisha wanaitoza asilimia 19 kama unaishi Umoja wa Ulaya, Norway, Iceland au Liechtenstein, au 24 kama unaishi kwingineko. Kwa thamani ya euro 60,000 na asilimia 1.1, anayetozwa asilimia 24 anadaiwa kama euro 158 kwa mwaka. Si fedha za kuumiza. Kinachoumiza ni kutojua, kisha barua ikaja na miaka minne ya malimbikizo. Ufaransa nayo imeifuta kodi ya makazi kwa nyumba za kuishi, ikaibakiza kwa nyumba za pili. Mnunuzi wa likizo hapigi kura, na manispaa zinalijua hilo.

Siku nazo zina mwenyewe. Mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya anayeingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, bila viza ya muda mrefu ana siku 90 katika kila siku 180, awe na nyumba asiwe nayo. Waingereza walionunua Hispania enzi za uhuru wa kuingia na kutoka waligundua hilo Januari 2021, baada ya nchi yao kujitoa Umoja wa Ulaya: jumba ni lako, majira yote ya baridi si yako.

Ukiyajumlisha haya, mtu wa mahesabu atakuambia usinunue. Ukienda mara mbili kwa mwaka, siku kumi kila mara, ni siku 20 kati ya 365. Fedha zilezile zingekulipia hoteli nzuri kwa miaka mingi, kila mwaka nchi nyingine, na bomba likipasuka si lako. Hoja hiyo siwezi kuivunja kwa namba. Inavunjwa na kitu kingine: kabati lenye viatu vyako vya matopeni, mwokaji anayemuuliza mtoto wako meno yamefikia wapi, asubuhi ambayo huna haja ya kuona chochote kwa sababu ulishakiona. Anayetaka kurudi palepale ananunua kitu ambacho hoteli haina. Anayetaka kuona dunia ajiepushe. Nyumba itamgeuka kamba, kila likizo atajisikia kuidai haki ya fedha zake.

Kwa anayetaka kurudi, na mfuko ni mdogo, siungi mkono kijiji kinachohamwa wala ufuko wa watalii. Natafuta mji wa kawaida usio na umaarufu, ulio nusu saa nyuma ya pwani, wenye shule ya sekondari, hospitali na soko la mwaka mzima, saa moja kutoka uwanja wa ndege unaohudumiwa na zaidi ya shirika moja. Shirika moja likifuta safari, lingine lipo. Mji wenye shule una mafundi, kwa sababu kuna watu wanaoishi humo na mabomba yao hupasuka pia. Bei yake iko katikati, na ukiuza utamuuzia mwalimu wa shule ile, si mtalii mwenzio tu. Utakosa bahari dirishani. Mimi ningekubali kuikosa.

Kisha nenda mwezi mbaya. Kwa Mediterania ni Februari. Kwa nchi za joto ni kilele cha mvua. Panga chumba wiki mbili, usimwone dalali. Duka la dawa linafungwa saa ngapi? Basi la Jumapili lipo, au limeandikwa tu kwenye ratiba? Nusa kuta za chumba chako baada ya siku tatu za mvua. Halafu saa moja jioni toka, tembea mtaa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, uhesabu madirisha yenye taa.