Anayemfuata Mnyama na Anayepewa Shahada

Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakawateka vijana wanne wa ng'ambo waliokuwa kwenye utafiti wa sokwe Gombe, magharibi mwa Tanzania. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni wakaondoka kituoni. Kazi haikusimama. Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi waliendelea kuamka alfajiri, kuwafuata sokwe mlimani na kuandika kwa Kiswahili walichokiona. Na hiyo ndiyo miaka ambayo madume wa kundi la sokwe la Kasakela walikuwa wakiwaua mmoja mmoja wenzao wa kundi la Kahama, kuanzia 1974 hadi 1978. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu vita ile yaliandikwa kwanza na watu ambao hawakuwahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara.

Nalikumbuka hilo kila kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya wanyamapori anaponiuliza kama aendelee na uzamili wa tabia za wanyama. Wapo wanaomwambia asipoteze muda: tabia haifundishwi darasani, shule yake iko porini. Humtaja Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025. Alifika Gombe 1960 bila shahada yoyote, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshamwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa bua la nyasi. Mwaka 1962 Cambridge ikampokea kwa masomo ya uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza, na huko huko akaambiwa amekosea kuwapa sokwe majina badala ya namba. Kama wasomi waliteleza hivyo, wanauliza, shahada ya nini?

Hoja hii naiheshimu, lakini mimi mwenyewe niliona inapokwama. Nilipokuwa nafanya uzamili nilikaa miezi kadhaa na nyani wa Mikumi, nikiongozwa na mzee mmoja aliyewafahamu kwa sura zao wote. Asubuhi moja alininong'oneza, "Mwanangu, mtazame huyo mama. Leo hatulii." Nikamtazama. Jike amekaa juu ya mgunga, mtoto amemshikilia tumboni, kimya. Kwenye fomu yangu nikaandika "anapumzika". Muda si mrefu dume mgeni akatokea majanini upande wa pili, na jike akahamia tawi la juu kabisa, mkono umemfunga mtoto. Dume mgeni anaweza kuua kichanga ambacho si chake. Mzee alishaisoma hofu ile shingoni mwa jike. Fomu yangu haikuwa na safu ya hofu.

Lakini mzee huyo huyo alikuwa na hakika kwamba nyani hugombana zaidi mvua ikinyesha. Tulipohesabu ugomvi kwa dakika za kila mnyama, haikuwa hivyo. Mvua iliwakusanya chini ya mti mmoja mbele ya macho yetu, basi kila kofi tukaliona. Siku za jua waligombana vichakani, sisi hatupo.

Mtego huo ndio Jeanne Altmann, aliyekuwa akichunguza nyani wa Amboseli, aliuweka wazi katika makala yake ya mwaka 1974 kuhusu namna ya kuchukua sampuli za tabia. Ukiandika kinachokuvutia tu, daftari litajaa vita na kujamiiana, na saa nyingi za kula na kuchambuana manyoya zitapotea. Chagua mnyama mmoja, mfuate kwa muda uliopangwa, andika yote, kisha hamia kwa mwingine hata kama kando yake kuna purukushani. Nidhamu hiyo haimjii mtu hivi hivi. Hufundishwa, na mahali inapofundishwa hasa ni masomo ya juu. (Altmann mwenyewe alikuwa mtu wa hisabati, na uzamivu wake aliupata 1979, miaka mitano baada ya makala hiyo. Kwa hiyo nasema ni mafunzo ndiyo yanayohitajika. Joho ni jambo jingine.)

Tazama tembo na nyuki. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walijua zamani kwamba tembo hukwepa mti wenye mzinga. Lucy King, akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa Oxford, aliwachezea tembo sauti ya nyuki waliochokozwa kwa spika iliyofichwa, kisha kwa kulinganisha akawachezea mvumo mtupu usio na sauti ya nyuki. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha familia nyingi zikiikimbia sauti ya nyuki ndani ya sekunde 80, wakati kwa mvumo wengi walibaki. Leo wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, wanazungushia mashamba uzio wa mizinga. Ujuzi ulikuwa wa wenyeji, jaribio likawa la chuo, na anayevuna mahindi na asali ni mkulima.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni kwamba asome, ila aingie na swali alilolitoa porini. Asilipe ada ya miaka miwili ili swali alipewe na msimamizi. Ajira za tabia za wanyama hapa kwetu ni chache. Waajiri wengi wanataka usimamizi wa hifadhi. Asiye na swali linalomkosesha usingizi atajuta.

Kinachonikera ni mlango wa upande wa pili. Cambridge ilimpokea mtu asiye na shahada kwa sababu ya alichokiona kwa miaka miwili. Vyuo vyetu vingapi vingempokea leo mwenye miaka ishirini ya kumfuata mnyama na cheti cha darasa la saba?

Tasnifu ilipokamilika nilimpelekea mzee nakala. Akaifungua, akapitisha kidole juu ya jedwali, akauliza yule mama wa mgungani yuko ukurasa gani. Nikauonyesha. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, tukakaa kibarazani mpaka giza nikimsomea kwa Kiswahili, naye akisahihisha.