Kesi ya Minazi na Mwenyewe Yuko Ndani

Mjomba wangu alipofungwa aliacha kesi ya madai njiani: jirani alimkatia minazi kwenye shamba lake nje kidogo ya Malindi, naye akamshtaki bila wakili, kwa kalamu na karatasi za mistari. Juzi nilikwenda masjala kuuliza imefikia wapi. Karani akapekua faili, akaligeuza upande wangu. Imetupwa. Notisi ya kumtaka aeleze kwa nini isifutwe ilitumwa kwenye sanduku la posta ambalo hakuna mtu aliyelifungua tangu yeye aingie ndani.

Kisheria, karani hana kosa. Amri ya 17 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 inaruhusu mahakama kuita maelezo kesi ikikaa mwaka mmoja bila hatua yoyote, na kuitupa yasiporidhisha. Wala simlaumu hakimu. Jirani yule, pamoja na shoka lake, naye ana haki ya kujua kama anadaiwa ama hadaiwi.

Ila kuilalia kesi ni kuilalia, na kufungiwa ni kufungiwa. Mimi nikitaka kupeleka karatasi mahakamani napanda tuktuk. Mjomba humpa askari jela, barua ikasomwa, ikangoja mkubwa, ikangoja gari, na gari lenyewe hujaa mahabusu wa kesi za jinai. Nani atabeba mambo ya minazi? Kufika mwenyewe mbele ya hakimu hawezi mpaka mahakama itoe amri aletwe. Na tangu 2024 kesi nchini zinawasilishwa kwa mtandao. Simu hana.

Ya mjomba ni afadhali. Mfungwa aliyepigwa au kuumizwa kwa uzembe akiwa ndani, akitaka kuidai Serikali fidia, ana miezi 12 tu. Huenda miezi hiyo yote anailala chini ya ufunguo wa hao hao anaotaka kuwashtaki, na barua yake inapita mikononi mwao. Mtoto mdogo na mtu asiye na akili timamu, sheria yetu ya ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, inawahesabia kuwa hawajiwezi. Mfungwa hayumo.

Marekani, ambako kesi za wafungwa hutupwa kila uchao kwa kuchelewa, angalau hili waliliona. Mwaka 1988, katika kesi ya Houston dhidi ya Lack, Mahakama ya Juu ilisema notisi ya rufaa ya mfungwa asiye na wakili ihesabiwe imefika siku aliyoikabidhi kwa maofisa wa gereza. Basi. Mengine ni ya gereza na posta. Sioni kinachotuzuia kuandika kanuni kama hiyo. Kifungu cha 159 cha Katiba kinataka haki isikwamishwe na ufundi wa taratibu, lakini majaji wameshasema mara nyingi kwamba muda uliowekwa si ufundi tu, kwa hiyo kumwachia kila hakimu huruma yake hakutoshi.

Ombi la kuifufua kesi tumeliandika. Nimemwambia mjomba, kila karatasi anayoitoa aweke tarehe na amwombe askari atie saini kwenye nakala. Mara ya kwanza askari alikataa. Ya pili alicheka, akamuuliza, "Mzee, kwani umekuwa wakili?" Akatia.