Kijana wa mwaloni (pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) anayekunywa: apelekwe mbali au atibiwe palepale?

Mzazi wa Mwanza akigundua kwamba mwanawe wa miaka 16 anakunywa, ushauri wa majirani karibu kila mara ni mmoja: mtoe hapo. Mpeleke kwa babu yake Magu, mpeleke bweni, mpeleke kwenye maombi, na kama fedha ipo, mpeleke soba, nyumba ya kuachia ulevi na dawa za kulevya. Wataalamu wa tiba ya uraibu kwa vijana wanasema kinyume, na wamesema hivyo kwa miaka mingi: mwache nyumbani, mtibu pamoja na familia yake. Mimi naegemea upande wa wataalamu. Ila hoja yao iliandikiwa nyumba ambamo pombe huingia kwa kificho, na huku ziwani tuna nyumba ambamo pombe ndiyo inayonunua sare na madaftari.

Kwanza ukubwa wa tatizo, maana hapo ndipo hofu hutupiga chenga. Watafiti wa hapa Mwanza na wenzao wa London waliwahoji vijana karibu 2,000 wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kilimanjaro walikunywa kuliko sisi (tusijipongeze sana). Waliokunywa zaidi walikuwa wanafunzi wa vyuo, wakifuatiwa na vibarua. Wa sekondari walikuwa nyuma yao. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu anayerudi ananuka pombe Jumamosi, mara nyingi yuko mwanzoni mwa safari. Hajawa mraibu. Anayemtibu kama mraibu anampa dawa ya ugonjwa ambao bado hana.

Upande wa pili una jibu, na si jibu jepesi. Utafiti mashuhuri wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, karibu mara nne, wa kuja kuwa tegemezi kwa pombe maishani kuliko waliosubiri hadi miaka ishirini na kitu. Ubongo wa kijana bado unajengwa, na sehemu inayopima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda ni ya mwisho kukomaa. Kwa nini basi tusubiri awe mraibu ndipo tuchukue hatua kali? Mzazi anayeuliza hivyo hana ujinga wowote. Anachokosea ni kudhani kwamba hatua ya mapema lazima iwe kali.

Soba hausi, ambazo serikali huziita nyumba za upataji nafuu, zimesaidia watu wengi nchini. Nyingi hufuata hatua 12 za kuacha ulevi zilizotokana na Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha lililoanza Marekani mwaka 1935, na nguvu yake ni kwamba anayekuongoza alishapita ulipo. Huwezi kumdanganya. Kuna ratiba, kuna kazi za usafi, kuna mikutano, na pombe haipo. Kwa mtu aliyepoteza kila kitu, huo ni msingi wa kusimamia.

Tatizo ni nani mwingine yumo humo. Wengi wanaopelekwa ni watu wazima waliotumia heroini kwa miaka. Kijana wa miaka 16 aliyekuwa akinywa bia na rafiki zake analala chumba kimoja na mtu wa miaka 35 mwenye hadithi za maskani, na kwa umri wake hadithi hizo zina mvuto kuliko mafundisho. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Thomas Dishion na wenzake waliandika kwamba kuwakusanya vijana wenye tabia hatarishi pamoja kunaweza kuwaharibu zaidi, kwa kuwa husifiana na kufundishana. Haki itendeke kwa upande wa pili pia: utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2006 ukihusu vijana waliotibiwa bangi katika vikundi, haukuona madhara hayo pale vikundi vilipoongozwa na mtu aliyefunzwa. Kikundi chenyewe, basi, hakina sumu. Sumu iko kwenye kikundi cha umri mchanganyiko kisicho na mwongozaji anayejua vijana, na mzazi akitembelea nyumba ya namna hiyo hicho ndicho kitu cha kukagua, kabla hata ya kuuliza bei.

Sasa njia ya mazungumzo. Mwaka 1983 Mmarekani William Miller alieleza namna ya kuongea na mnywaji bila kumkaripia wala kumwekea hukumu: unamuuliza anapenda nini kwenye pombe, hapendi nini, anataka maisha gani, kisha unamwachia aone mwenyewe mgongano uliopo. Kwa vijana, vikao vichache vya aina hii hupunguza unywaji. Upungufu wenyewe ni wa wastani, si muujiza, lakini tafiti zimeuona ukidumu hata kwa mwaka, na gharama yake ni saa chache za mtu anayejua kusikiliza. Tiba ya fikra na tabia inaongeza ufundi: kijana anajifunza kutambua ni saa gani, mahali gani na kwa hisia gani anakunywa, kisha anafanya mazoezi ya kukataa na ya kufanya kitu kingine.

Pingamizi la wazee wetu kwa njia hii ni kwamba mtoto haulizwi anataka nini, anaambiwa. Nalielewa, ila naona halimfahamu kijana wa mwaloni. Mvulana wa miaka 15 aliyeacha shule akaingia mtumbwini anapokea mgao wake kama mtu mzima, anakula hatari ya usiku kama mtu mzima, na tajiri wa mtumbwi anamwita kwa jina lake la kazi. Ukimkaripia anaondoka, kambi nyingine ya uvuvi ipo ng'ambo. Ukimuuliza anakaa.

Wanaosema kwamba tiba hizi ni za Wazungu waangalie Eldoret, Kenya, nchi tunayochangia nayo maji haya haya. Huko tiba ya fikra na tabia ilirekebishwa, ikatolewa kwa Kiswahili, na waliofunzwa kuiendesha hawakuwa wanasaikolojia wenye shahada kubwa. Wagonjwa walikuwa watu wazima wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa 2011, asilimia 69 ya waliopata tiba walikuwa wameacha kunywa baada ya siku 90, dhidi ya 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Walikuwa watu 75 tu, na hawakuwa vijana wadogo, kwa hiyo sitaki kuipandisha bei habari hiyo. Inathibitisha jambo moja: lugha yetu na watumishi wa ngazi yetu wanatosha kuibeba tiba hii. Moshi nako, katika hospitali ya KCMC, wauguzi walifunzwa kuongea kwa kifupi na majeruhi wanaokunywa, mpango ukaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Ila mazungumzo ya ana kwa ana yanamwacha kijana na jirani zake wale wale, ndiyo maana tiba ya familia imepata sifa kubwa. Uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi za vijana wanaotibiwa bila kulazwa, uliochapishwa 2013, uliiweka mbele ya njia nyingine. Mtaalamu hakai na kijana peke yake. Anakaa na mama, baba, shangazi, anarekebisha namna wanavyoongea, wanavyofuatilia mtoto alipo, wanavyogombana, na anakwenda hadi shuleni. Toleo moja la tiba hii humpa mtaalamu familia nne hadi sita tu kwa wakati mmoja, na apatikane saa 24. Kwa idadi ya wataalamu tulionao Kanda ya Ziwa, hilo tulisahau kwa sasa. Vipande vyake, hata hivyo, vinaweza kuazimwa.

Vikiazimwa ndipo vinapogonga mwamba wetu. Chukua nyumba ya Igombe au ya kisiwani Ukerewe ambamo mama anapika gongo. Anapika kwa sababu mume alikwenda ziwani hakurudi, au alirudi akaoa kambi nyingine, na mtaji wa kununua dagaa wa kuanika haupo. Mtoto ndiye anayechota maji, anayechochea moto, anayepeleka chupa kwa mteja, na ndiye anayeonja kujua kama imeiva. Tiba ya familia inamwambia mama: ondoa pombe nyumbani. Yaani aondoe chakula. Zaidi ya hapo, tiba hii inaishi kwa ukweli, na ukweli wa nyumba hii ni kosa la jinai, kwa kuwa gongo ni haramu. Afisa ustawi wa jamii akibisha hodi, mama haoni msaada, anaona polisi. Atasema mtoto anaharibiwa na marafiki, kikao kitaisha kwa heshima, na hakuna kilichotibiwa.

Hapo wenye kusema "mtoe hapo" wana hoja yao nzuri kuliko zote, na nawapa. Huwezi kumtibu kijana wa pombe ndani ya chumba cha kupikia pombe. Lakini angalieni wanachokithibitisha: kwamba kijana huyu anahitaji nyumba nyingine. Shangazi wa Nyakato asiyeuza pombe ni nyumba nyingine. Mjomba fundi seremala wa Buhongwa ni nyumba nyingine, tena yenye kazi. Ukoo wetu una desturi ya kuhamisha mtoto kwa sababu ndogo kuliko hii, na tiba ya familia inaweza kufanyika kwa shangazi, mama akija vikao vyote. Na mama naye apewe njia ya kipato, kikundi cha mikopo au mtaji wa dagaa. Mtaalamu wa saikolojia ataniambia mtaji si tiba. Kwa nyumba ile, ni tiba.

Kambini mambo yana kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya dagaa hupumzika, watu wako nchi kavu, mfukoni kuna mgao, na unywaji unapanda. Mshauri anayepanga vikao kila Jumatano saa nne asubuhi atamkosa kijana huyu wiki kadhaa kila mwezi. Apange kwa mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi ndizo kijana anapatikana, na ndizo zenye kishawishi kikubwa, kwa hiyo zoezi la kukataa kikombe linafanyika jioni ile ile linapohitajika. Jambo gumu zaidi ni mgao wenyewe: kama tajiri atakubali sehemu ya hela ya kijana iende moja kwa moja kwa dada au mama yake kwa simu, nusu ya kishawishi imeondoka. Wapo matajiri watakaokubali, maana baharia mlevi huzamisha mali.

Kuhusu dini nitasema machache. Msikiti na kanisa humpa kijana jamii isiyokunywa, na hilo lina uzito wa kweli. Kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi jioni imechukua saa mbaya kuliko zote. Panapotia hofu ni pale kijana anapofungiwa kwa kufunga na kuombewa huku mwili wake umezoea gongo kila siku. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo au kupata degedege, hiyo ni hospitali, Bugando au Sekou Toure, usiku huo huo. Kwa vijana hali hiyo si ya kawaida, lakini huua.

Shule nazo zina njia yao fupi, kumfukuza. Inasafisha bweni na kumkabidhi kijana kwa kijiwe mchana kutwa. Mwalimu wa malezi na unasihi anayemjua tangu kidato cha kwanza alikuwa mtu mzima pekee aliyemwona kila siku akiwa hajalewa.

Nani basi afanye kazi hii? India, katika jimbo la Goa, washauri wa kawaida waliofunzwa waliwasaidia wanaume wanywaji kwa vikao visivyozidi vinne hivi, na matokeo ya 2017 yalionyesha faida iliyodumu mwaka mzima. Tunaweza kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wanaopinga wanasema mtaa ni mdogo na siri haitakaa. Ni kweli, na ndiyo sababu ningemtoa mhudumu wa Kirumba ahudumu Igoma, na wa Igoma aende Kirumba. Nauli ya daladala ni nafuu kuliko siri iliyovuja.

Kwa mpangilio wangu, kijana aanze na vikao vya mazungumzo, familia iingizwe mapema, nyumba ibadilishwe pale nyumba yenyewe inapouza pombe, na hospitali iwepo kwa mwili uliozoea. Soba ibaki kwa wachache ambao hayo yote yameshindwa, na kwa masharti: wa umri wake wawepo, mwongozaji awe amefunzwa kuhusu vijana, na siku ya kuingia ndiyo siku ya kuandika atarudi kwa nani, lini, na nani atamtembelea wiki ya kwanza. Nyumba inayompokea kijana bila kuuliza jina la mtu atakayempokea akitoka, nisingeipa hata shilingi ya kiingilio.