Mwanafunzi Akikutwa na Bangi: Afukuzwe Chuo au Abakizwe?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapofika chuo kikuu hapa Tanzania hupewa kanuni za nidhamu, husaini kwamba amezisoma na ataziheshimu, kisha huziweka chini ya godoro na kuendelea na shughuli za kutafuta chumba. Kwa kawaida kanuni hizo hutaja dawa za kulevya miongoni mwa makosa makubwa, na adhabu yake huanzia karipio la maandishi, hupitia kusimamishwa masomo kwa muhula au mwaka mzima, hadi kufukuzwa kabisa. Kati ya karipio na kufukuzwa pana umbali mkubwa sana, na kamati ya nidhamu ndiyo inayoamua mwanafunzi asimame wapi. Mjadala wa siku hizi, hasa baada ya bangi kuanza kuingia hosteli ikiwa ndani ya biskuti na keki, ni kama kamati iachiwe uhuru huo au iamriwe kumfukuza kila anayekutwa nayo.

Wanaotaka afukuzwe wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wasio na huruma. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu bangi na mirungi kuwa dawa za kulevya, na kukutwa nazo ni jinai. Hata mwanafunzi aliyevuka mpaka wa Namanga akitoka Kenya, ambako mirungi huuzwa hadharani sokoni kwa jina la miraa, akiingia nayo upande wetu amevunja sheria. Chuo hakiwezi kujifanya kisiwa ambacho sheria ya nchi haifiki. Tena wapo wanaoishi na mtumiaji. Katika chumba cha vitanda vinne ambacho kwa sababu ya kubebana kinalaza watu saba, moshi wa mmoja ni moshi wa wote, na mwenye mtihani asubuhi hana pa kuhamia. Wapo pia wazazi waliouza shamba au ng'ombe ili mtoto asome, wakiamini kwamba chuo kinamlinda. Na wapo wagonjwa na wanafunzi wa kesho, watakaohudumiwa na daktari au mwalimu anayefundwa leo. Watabibu wameeleza kwamba ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na kwamba matumizi ya bangi ya mara kwa mara katika umri huo huongeza hatari ya maradhi ya akili.

Hoja hizo zote nazikubali. Ninachokitilia shaka ni hatua inayofuata, yaani dhana kwamba adhabu kali zaidi ndiyo inayolinda zaidi.

Nilipokuwa mwaka wa pili, kijana wa chumba cha jirani alikula biskuti yenye bangi. Bangi iliyoliwa huchelewa kupanda, wakati mwingine saa nzima au zaidi, kwa hiyo alipoona haijamfanya lolote aliongeza ya pili. Ilipokaribia saa sita usiku alikuwa ameshikilia chuma cha kitanda kwa mikono miwili, moyo unamwenda mbio, macho yamemtoka, anasema anakufa. Tulikuwa sita tuliosimama pale. Mmoja alileta maziwa, mwingine alimmwagia maji kichwani. Taa ya zahanati ya chuo ilikuwa ikionekana dirishani, mwendo wa dakika tatu kwa miguu, lakini hakuna aliyekwenda, mimi nikiwa mmoja wao, kwa kuwa tulijua kwamba chumba kitakachokutwa na dawa kitaitwa chote mbele ya kamati. Tulifunga mlango kwa ndani na kungoja. Alilala alfajiri, na mchana alikuwa mzima. Angekuwa na ugonjwa wa moyo, au biskuti ile ingekuwa na kitu kingine ambacho hatukukijua, hadithi hii ingekuwa nyingine. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda ndiyo iliyotuzuia kumpeleka kwa mganga.

Ukali huo unaweza pia kumfuata mtu kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu akifukuzwa, bumu, yaani fedha ya kujikimu, linakatika, lakini deni la fedha alizokwisha kupokea linabaki palepale, naye hana cheti cha kumsaidia kupata kazi ya kulilipa. Aliyekula disko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, angalau anaweza kuomba chuo kingine bila doa, ilhali aliyefukuzwa kwa dawa za kulevya ataulizwa sababu kila anapobisha hodi.

Marekani walilipitia jambo hili kwa upana wa taifa zima. Mwaka 1998 Bunge lao lilipitisha sheria ya kumnyima msaada wa masomo wa serikali kuu mwanafunzi aliyetiwa hatiani kwa dawa za kulevya: kwa kukutwa nazo mara ya kwanza mwaka mmoja, mara ya pili miaka miwili, mara ya tatu bila kikomo, na kwa kuuza, miaka miwili mara ya kwanza, kisha bila kikomo. Aliyekuwa na mzazi tajiri hakuguswa, kwa kuwa hakuhitaji msaada huo. Adhabu ilimwangukia maskini peke yake, na kwa ajili ya msokoto mmoja. Desemba 2020 Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kukiondoa kizuizi hicho. Hata hivyo, sheria ile ngumu ilikuwa na jambo moja la busara: mwanafunzi aliyemaliza programu ya matibabu na kufaulu vipimo viwili vya kushtukiza alirudishiwa haki yake kabla ya muda. Kamati nyingine za nidhamu hapa kwetu hazimwachii mtu hata mlango huo.

Kuhusu namna ya kuhukumu, sioni pande mbili. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa, na mwanafunzi ni mtu. Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ina shauri maarufu la mwaka 1723, ambamo Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kimemvua Richard Bentley shahada zake bila kumsikiliza, mahakama ikaamuru arudishiwe. Jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumuuliza kama amekula tunda alilokatazwa. Kamati inayosoma taarifa ya mlinzi na kutoa uamuzi kwa dakika kumi haijasikiliza. Wala kipimo cha mkojo hakimalizi shauri, kwa sababu kwa mtumiaji wa mara kwa mara mabaki ya bangi huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuvuta. Kinaonyesha kwamba mtu aliwahi kutumia, hakionyeshi kwamba alikuwa amelewa darasani wala kwamba alivutia chuoni.

Kwa maoni yangu, mpaka wa kweli uwekwe kati ya anayetumia na anayeuza. Anayeuza kwa wenzake, akijua siku bumu linapoingia na nani ana fedha mfukoni, afukuzwe na akabidhiwe polisi, na sitamwombea. Anayetumia abaki chuoni kwa masharti yaliyoandikwa: aonane na mnasihi kila wiki, akubali kupimwa, ahamishwe chumba siku hiyohiyo ili wenzake wapumue, na akirudia asimamishwe kwa mwaka akatibiwe. Kwa waraibu wa heroini nchi yetu ina tiba ya methadoni tangu mwaka 2011, ilipoanzia Muhimbili, na haieleweki kwa nini serikali imtibu mraibu wa mtaani huku chuo cha serikali kikimtupa wa hosteli. Najua pingamizi lililopo: wanasihi ni wachache, na masharti yasiyo na msimamizi hugeuka ruhusa. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana fedha ya kuajiri mnasihi itangulie kabla kanuni haijalegezwa.

Kuna kifungu kimoja, hata hivyo, kisichohitaji bajeti. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilikianzisha mwaka 2002 kwa upande wa pombe: anayeomba msaada wa tiba kwa ajili ya mwenzake hashtakiwi kwa ulevi wa tukio hilo, na mgonjwa mwenyewe hushauriwa badala ya kuadhibiwa. Simu za kuomba msaada ziliongezeka. Kifungu cha namna hiyo kisimkinge muuzaji kwa lolote. Aliyeuza zile biskuti tulimjua sote, hata namba ya chumba chake, lakini kumtaja kungekuwa kukiri kwamba mmoja wetu amezila, hivyo tulinyamaza, naye hakuitwa mbele ya kamati yoyote hadi alipohitimu.