Bhalo apotea ukumbini

Ilikuwa shughuli ya kupamba bibi harusi, ukumbi umejaa wanawake peke yao, nami ndiye niliyeshika mitambo. Wajukuu watatu wa bibi mwenye shughuli, mabinti waliozaliwa Birmingham, walikuja na simu zilizojaa nyimbo na waya wao wenyewe, jeki ndogo huku, kubwa kule. Nikiwa bado nafunga spika, mkubwa wao keshauchomeka kwenye mixa, mtambo wa kuchanganyia sauti.

Wakaanza na bhangra, muziki wa ngoma wa Kipanjabi, ya Panjabi MC wa Coventry, ile ya 1998 yenye tumbi, kizeze cha uzi mmoja, juu ya besi ya hip-hop. Ila besi haikuwepo. Mwimbaji naye akasikika kwa mbali, kama yuko bafuni nyumba ya pili.

“Huyu kalipwa nusu?” bibi akauliza. “Hebu nitilieni Juma Bhalo.”

Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu wa Mombasa, yumo simuni, kahamishwa kutoka kanda ya mama yao. Binti akabonyeza. Kimya! Akapandisha sauti hadi mwisho. Kimya.

“Mumemfanya nini Bhalo wangu?”

“Bibi, yuaimba! Tazama, dakika zaenda!”

Kosa ni la waya. Simu hutoa sauti ya kushoto na ya kulia. Tundu lile la mixa huondoa moja kwenye nyingine ili kufuta mivumo ya njiani, basi kilicho sawa pande zote mbili nacho hufutika. Mwimbaji na besi hurekodiwa katikati, ndio maana hutangulia kupotea, vikabaki mwangwi na vyombo vya pembeni. Kanda ya mono, kama hiyo ya Bhalo, ni balaa zaidi: kushoto na kulia ni kitu kimoja, hakisalii kitu. Hapo hutakiwa waya wa jeki mbili kubwa, kila moja na chaneli yake.

Nilikuwa nao mkobani. Nikachomeka ncha yake ndogo simuni. Kabla sijaipunguza sauti, shangazi mmoja mwenye haraka zake akazichukua zile jeki kubwa akazisukuma kwenye mixa mwenyewe. Bhalo akaingia kwa kishindo, sinia ya halua ikaenda chini.

Wale mabinti wa Uingereza wakamdaka palepale, ubeti baada ya ubeti, kwa Kimvita safi, Kiswahili cha Mombasa: mama yao huziweka nyimbo zake garini kila asubuhi wakienda shule. Binamu zao wa Kibokoni, papo hapo Mombasa, wakabaki kutafuna ubani.

Bibi naye, aliyekua na Bhalo huyohuyo wa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya sinema za Kihindi, hakuwa na uso wa kuikunjia bhangra. Akamvuta mjukuu sikio.

“Haya, mrudishe yule Mpanjabi wenu. Kashamaliziwa pesa zake?”