Sauti ya Mhojiwa Mbele ya Mhariri

Mhadhiri wa Arusha akituma makala kwenye jarida kubwa la sayansi ya siasa, huenda akaulizwa data zake ziko wapi hata kabla wahakiki hawajaigusa kazi yake. Anayefanya kazi na takwimu hutoa faili moja, yamekwisha. Aliyekaa miezi vijijini Ngorongoro akihoji watu kuhusu ardhi ana sauti za watu mkononi, na mara nyingi husema hawezi kuzitoa. Hapo huanza kudhaniwa kwamba ana la kuficha, na dhana hiyo naiona ni dhuluma.

Wanaodai uwazi nao wana sababu nzito. Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Michael LaCour na Donald Green, uliodai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni kwa mpigakura hubadili msimamo wake kuhusu ndoa za jinsia moja kwa muda mrefu. David Broockman, Joshua Kalla na Peter Aronow walipozikagua data waliona haziaminiki. Green mwenyewe aliomba makala iondolewe, na Mei 2015 ikaondolewa. Kama data zisingekaguliwa, vitabu vya kufundishia vingekuwa vinaunukuu utafiti ule hadi leo. Wahariri wa majarida 27, American Political Science Review likiwemo, walikuwa tayari wamesaini tamko la uwazi wa data mwaka 2014, litekelezwe kuanzia Januari 2016. American Journal of Political Science likaenda mbali zaidi: hesabu za mwandishi hurudiwa na mkaguzi wa nje kabla makala haijatoka. Kwa takwimu sina ugomvi na utaratibu huo. Ni mzuri.

Ila mwaka 2015 zaidi ya wanataaluma 1,000 waliomba utekelezaji wa tamko lile uahirishwe, na wengi wao walikuwa watu wa mahojiano na kazi za uwandani. Walijibiwa kwamba tamko linaruhusu msamaha: mwandishi amweleze mhariri mapema kuwa data zake ni za siri, naye mhariri ataamua. Au afute majina, kisha azitoe.

Afute majina! Nenda Loliondo, wilayani Ngorongoro, uone jina linaficha nini. Ukiandika «laigwanani (kiongozi wa jadi wa Wamasai) wa rika fulani, kijiji cha mpakani, ana miaka sabini hivi», umeshamtaja. Hakuna mwenzake wa kumchanganya naye. Ukiandika «diwani mwanamke aliyekuwepo siku ya vigingi», mtoto wa darasa la nne pale kijijini atakuonyesha nyumba yake. Ukifuta na hayo yote, umebaki na mzee asiye na cheo, asiye na rika wala kijiji, na maneno yake hayana tena uzito uliokufanya umfuate. Tukumbuke pia kilichotokea kule. Juni 2022 vigingi viliwekwa kutenga kilometa za mraba 1,500 kwa uhifadhi wa wanyamapori, askari polisi akauawa na wananchi wakajeruhiwa. Zaidi ya watu 20, wakiwemo madiwani, walifunguliwa kesi ya mauaji, na Novemba mwaka huo ikafutwa. Mtu aliyesimulia siku hizo mbele ya kinasa sauti amempa mtafiti kitu kikubwa kuliko data.

Wapo watakaosema hofu hii imekuzwa. Basi watazame chuo cha Boston College, Marekani. Kati ya 2001 na 2006 mradi wake uliwarekodi wapiganaji wa zamani wa Belfast, Ireland Kaskazini, kwa ahadi kwamba sauti zao hazitasikika hadi wafe. Mwaka 2011 Uingereza ilizidai kupitia mkataba wake na Marekani, na baada ya mvutano mrefu mahakamani baadhi zikakabidhiwa kwa polisi waliokuwa wakichunguza mauaji ya mwaka 1972. Waliotoa ahadi hawakukusudia kuivunja. Ila chuo kile kina wanasheria na fedha, na bado hakikuweza kuilinda yote. Mhadhiri wa Arusha, mwenye kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kompyuta moja, atailinda kwa kitu gani?

Liko na jambo la lugha, ambalo wahariri hawaligusi kabisa. Mzee huongea Kimaa, mkalimani huweka Kiswahili, mtafiti huandika Kiingereza. Nakala atakayofungua mkaguzi wa ng'ambo ni tafsiri ya tafsiri. Atahakiki nini humo? Angejua zaidi kama angedai maelezo kamili ya njia: nani alitafsiri, wahojiwa walipatikanaje, nani alikataa kuhojiwa, na ni mahojiano gani yanapingana na hoja ya mwandishi. Hayo mtafiti anaweza kuyatoa bila kumuuza mtu, na mdanganyifu atapata taabu kuyatunga.

Kwa vyuo vyetu vya Arusha na Moshi, sera ya jarida isomwe kabla ya safari ya kwanza ya uwandani, maana anayestahili kuombwa ruhusa yuko kijijini. Aelezwe wazi kuwa huenda mgeni akataka kusikia sauti yake. Akikataa, neno lake liandikwe kwenye fomu ya ridhaa siku hiyo hiyo, ili mhariri atakapouliza, mtafiti awe na cha kumwonyesha.