Umeme wa Kaskazini mwa Kanada: Nani Ashike Mkataba?

Kijiji cha Old Crow, katika eneo la Yukon huko Kanada, hakifikiki kwa barabara. Kiko kaskazini ya Duara ya Aktiki, kando ya mto Porcupine, na wakazi wake wapatao 250, wengi wao Wavuntut Gwitchin, jamii ya asili ya huko, hupokea karibu kila kitu kwa ndege. Hata dizeli ya majenereta ya kijiji hushuka uwanjani kwa ndege, kwa hiyo kila lita inayowasha taa imeshakunywa mafuta mengine njiani.

Mwaka 2021 walikamilisha mtambo wao wa sola wa kilowati 940. Paneli zake, zaidi ya 2,000, hazikuelekezwa zote kusini kama ilivyo desturi ya nchi za kaskazini. Zilipangwa zikitazama mashariki na magharibi, maana kiangazi jua la Old Crow halizami, linazunguka tu angani. Zipo saa za kiangazi ambapo majenereta huzimwa kabisa, na ngurumo waliyoizoea usiku na mchana hukatika. Dizeli inayookolewa inakadiriwa kufikia lita 189,000 kwa mwaka.

Mimi paneli hazinishangazi sana. Kinachonivuta ni karatasi: mmiliki wa mtambo ni serikali ya Wavuntut Gwitchin wenyewe, nao huuza umeme wake kwa kampuni ya umeme kwa mkataba wa miaka 25. Tunaposema jamii za asili zishirikishwe katika kupanga nishati yao, mara nyingi huwa tunazungumzia jambo dogo kuliko hilo. Mshauri mwelekezi anatua asubuhi na ramani zilizokwisha kuchorwa, watu wanapewa kahawa ukumbini, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na ndege ya jioni inamrudisha mjini. Ripoti itasema wananchi walishirikishwa.

Na hiyo ni nafuu, kwani zamani hata kahawa hawakupewa. Mwaka 1971 serikali ya jimbo la Quebec, mashariki mwa Kanada, ilitangaza mradi mkubwa wa umeme wa maji wa James Bay bila kuwauliza Wacree na Wainuit, jamii za asili zilizokuwa wakiwinda na kuvua kwenye mito hiyo. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1975 yakafikiwa makubaliano, ujenzi ukiwa umeshaanza. Mabwawa yalipojaa, mimea iliyozama ikaoza, zebaki iliyokuwa imetulia ardhini ikaingia kwa samaki, na watu ambao samaki ndiye kitoweo chao wakaambiwa wapunguze kumla. Umeme ule hautoi moshi, na hadi leo unahesabiwa kuwa safi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: jedwali la megawati halikuwa na safu ya samaki.

Lakini wanaolalamika kwamba ushirikishwaji unachelewesha miradi tusiwafukuze barazani. Inukjuak, kijiji cha Wainuit kwenye pwani ya Hudson Bay, kiliupigia kura mradi wa umeme wa mto wake mwaka 2010 na wengi wakakubali. Mtambo ukaanza kazi mwaka 2023. Miaka 13! Si yote iliyoliwa na vikao, fedha na vibali navyo vilichukua sehemu yake, ila muda wote huo dizeli iliendelea kuchomwa.

Kuna na uchovu wa watu. Katika kijiji cha watu 250, anayekaa kwenye kamati ya uwindaji ndiye huyo huyo wa kamati ya shule, ndiye anayepokea wageni, na sasa anatakiwa asome mkataba wa umeme wenye kurasa mia. Umiliki nao ni mzigo: kifaa kikiharibika Januari, fundi yuko mbali na hasara ni yenu. Tena Old Crow jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa katikati ya baridi, wakati umeme unapohitajika zaidi, kwa hiyo majenereta hayaendi popote. Anayeuza sola huko kwa ahadi ya kuiaga dizeli anawadanganya watu.

Hata hivyo, ile miaka 13 ya Inukjuak naisoma tofauti nikikumbuka kilichotangulia. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizichukua familia kutoka kijiji hicho na kuzihamishia Grise Fiord na Resolute, mbali sana kaskazini, kwa ahadi kwamba wasiopapenda wangerudishwa. Ahadi haikutimizwa. Serikali iliomba radhi Agosti 2010, mwaka ule ule wa kura. Mtu ambaye bibi yake alipakiwa melini namna hiyo, nani amlaumu akitaka kusoma kila mstari? Walichopata mwishoni ni ubia wa nusu kwa nusu: shirika lao la ardhi, Pituvik, pamoja na kampuni ya Innergex, kwa mtambo wa megawati 7.5 unaotumia mwendo wa mto na mkataba wa miaka 40 na Hydro-Québec, shirika la umeme la Quebec.

Kwangu, ubia wa namna hiyo unafaa vijiji vingi kuliko umiliki kamili. Mwenzako abebe uhandisi, wewe ubaki na sauti na mgawo. Na kama serikali ina fedha za ushirikishwaji, imlipe kijana mmoja wa kijijini mshahara wa miaka mitano ajifunze mambo ya umeme, kuliko kuzimaliza kwenye tiketi za washauri.

Suala lililobaki ni wakati. Vijiji vyote 25 vya Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, vinaendeshwa kwa dizeli, kila kimoja na kituo chake. Kituo kinapochakaa, uamuzi huwa wazi kwa muda mfupi. Jenereta jipya likishafungwa, ni la miaka mingi tena. Mshauri akitua baada ya hapo, kahawa atakunywa, lakini la kuamua halipo.